Kazi ni Chache, Watu ni Wengi: Tugawane kwa Haki Namna Gani?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili kila kikundi kiyasome pamoja na kuyajadili.)

Leo sitazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mbolea ya samadi. Nitazungumza juu ya jambo ambalo huvunja vikundi kimya kimya. Jambo lenyewe ni siku ya kumwandika mtu kazi.

Ninyi mnajua. Kikundi huchanga pesa miaka mitatu. Watu hubeba mawe, hukusanya mchanga, huchimba mtaro wa mabomba. Wakati huo hakuna anayeuliza huyu ni wa ukoo gani. Halafu maji yanafika, na kioski kinahitaji mtu wa kuuza. Kazi ni moja na mshahara ni mdogo, lakini ni mshahara wa kila mwezi. Hapo ndipo watu huanza kuhesabiana. Mbona ni mtoto wa katibu? Mbona ni wa upande wa juu wa mto, na sisi wa chini je? Mwezi wa pili watu wa chini wanaacha kulipa mchango. Mwaka wa pili pampu inaharibika na hakuna pesa za fundi. Wageni wakija wataambiwa pampu ilikufa kwa kutu. Lakini wenyewe mnajua ilianza kufa siku gani.

Kwa hivyo tuulize: kazi zikiwa chache na watu wengi, ni ipi njia ya haki? Wengine watasema, "Chukua anayeweza zaidi, basi." Wengine watasema, "Hapana, tenga nafasi za akina mama, za vijana, za walemavu, za wale wa kabila dogo." Hilo la pili ndilo ninaloliita mgao. Nchi nzima inabishana juu ya mgao, na ubishi huo umefika mpaka kwenye kamati zetu. Tuutazame bila kukasirika.

Sheria inasema nini

Tuanze na sheria, maana watu wengi huitaja bila kuijua.

Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Kifungu cha 54 kinaitaka serikali ihakikishe hatua kwa hatua kwamba angalau asilimia 5 ya watu katika vyombo hivyo ni wenye ulemavu. Kifungu cha 232 kinahusu watumishi wa umma. Hapo utakuta maneno ambayo wengine hudhani hayawezi kukaa pamoja. Kinasema watu waajiriwe kwa mashindano ya haki na kwa kustahili. Papo hapo kinasema jamii zote za Kenya ziwakilishwe, na wanaume, wanawake, makabila yote na watu wenye ulemavu wapate nafasi sawa. Uwezo na mgao viko katika kifungu kimoja. Waandishi wa Katiba hawakutuambia tuchague kimoja tukitupe kingine.

Kuna sheria nyingine ya 2008, iliyotungwa baada ya ile damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007. Inasema shirika la umma lisiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya chini zinazojazwa ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti hiyo. Maana yake, nafasi zikiwa 10, angalau 3 ni za wale wachache.

Kwa nini sheria kama hizi ziliwekwa? Mwaka wa 2011 tume ya taifa ya uwiano na utangamano ilitoa ripoti juu ya watumishi wa serikali. Makabila mawili peke yake yalikuwa na karibu asilimia 40 ya kazi. Katika hesabu ya watu ya 2009 makabila hayo yalikuwa karibu asilimia 30 ya wananchi. Sitayataja hapa, maana hatukuja kunyoosheana vidole. Ninachosema ni kwamba mambo hayakuwa sawa, na kila kabila likipata kiti lingependa kufanya vivyo hivyo.

Mtu ataniuliza, "Hizo ni sheria za serikali. Kikundi chetu cha watu ishirini kinahusikaje?" Kinahusika. Siku mnapomwandika mlinzi, mmekuwa waajiri. Sheria ya ajira ya 2007 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia, kabila, dini, ulemavu, ujauzito, ndoa au virusi vya UKIMWI. Na sheria hiyo hiyo inasema kwamba hatua ya kuwainua walioachwa nyuma, ikichukuliwa ili kuleta usawa, haihesabiwi kuwa ubaguzi. Kwa hivyo mgao hauvunji sheria. Upendeleo wa siri ndio unaovunja.

Malalamiko tuyasikilize

Wako wanaolalamika juu ya mgao, na si wote ni watu wabaya. Tuwasikilize.

La kwanza wanasema, "Mwenye uwezo ananyimwa kazi." Chukueni mfano. Kikundi kina wafanyakazi watano, wote wanaume. Nafasi ya sita inatokea, ya kuuza maji na kuandika daftari la mauzo. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne anapata alama 78 kwenye mahojiano. Mama mmoja anapata 71. Kikundi kilikuwa kimetangaza mapema kwamba alama ya kupita ni 60, na kwamba nafasi hii itapewa mwanamke akiwa amepita. Mama anapewa kazi. Je, kijana ameonewa?

Mimi nasema amepoteza kitu, na tusijifanye hakupoteza. Lakini hebu tuulize hizo alama 7 zinapima nini. Watu watatu wamekaa chini ya mwembe, wanauliza maswali, wanaandika namba. Hiyo si mizani ya duka. Alama 60 inatuambia kwamba mtu anaweza kazi. Tofauti ya 71 na 78 haituambii mengi. Tena tuulize ilikuwaje wafanyakazi watano wa kwanza wote wakawa wanaume, katika kijiji ambacho maji huchotwa na akina mama. Pengine tangazo lilitolewa mahali wanapokaa wanaume peke yao. Pengine mahojiano yalifanywa asubuhi, wakati mama yuko mtoni au anakamua ng'ombe. Mashindano yalionekana ya haki, lakini nusu ya washindani hawakufika mahali pa kuanzia.

Sasa geuza mfano. Kama kikundi hakikutangaza mapema kwamba nafasi ni ya mwanamke, na kijana akaambiwa baada ya alama kusomwa, hapo ameonewa. Huwezi kubadilisha kanuni mbio zikiwa zimeisha. Na kama mama alipata 45 akachukuliwa, wameonewa wengi. Wameonewa wanunuzi wa maji ambao hesabu yao itapotea. Ameonewa hata yeye mwenyewe, maana mwezi wa tatu atafukuzwa kwa aibu, na watu watasema, "Mmeona? Tuliwaambia wanawake hawawezi."

La pili wanasema, "Anayeingia kwa mgao huitwa mtu wa kuhurumiwa." Ni kweli, na maneno hayo huuma. Dawa yake ni kusoma alama zake mbele ya wote. Kila mtu asikie kwamba alipita. Halafu apewe kazi yote, na funguo, na daftari. Kuna vikundi humwandika mlemavu kazi, kisha humwambia, "Wewe kaa tu hapo." Huko ni kumpa posho na kumnyima heshima.

La tatu ndilo zito zaidi. Wanasema, "Mgao huliwa na wakubwa." Tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini ninyi mmeona wanaume wenye pesa wakisajili kampuni kwa jina la mke au la mpwa. Mama anaitwa kutia sahihi tu, na hajui hata barabara yenyewe iko wapi. Hata vijijini ni hivyo. Nafasi ya vijana inapewa mtoto wa mwenyekiti, na nafasi ya akina mama inapewa mke wa mweka hazina. Mgao umetimia kwenye karatasi, lakini chakula kimebaki kwenye sahani ile ile.

Hilo si sababu ya kuuondoa mgao. Mtu akiiba mahindi ghalani hatuchomi ghala, tunatia kufuli. Kufuli yetu ni kuweka kanuni kwamba jamaa wa karibu wa mjumbe wa kamati hapewi nafasi iliyotengwa.

Kanuni bila njia

Nataka mjifunze jambo kutoka Bungeni. Kanuni ya theluthi mbili iko kwenye Katiba tangu 2010. Kwa mabaraza ya kaunti, Katiba iliweka njia ya kuitimiza. Baada ya kura kuhesabiwa, viti vya ziada huongezwa kutoka orodha za vyama mpaka kanuni itimie. Kwa Bunge la Taifa njia kama hiyo haikuwekwa. Matokeo yake mmeyaona. Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri Rais avunje Bunge kwa kuwa halijatunga sheria ya kutimiza kanuni hiyo. Bunge halikuvunjwa. Katika uchaguzi wa 2022, kati ya majimbo 290, wanawake walishinda 29.

Kanuni ni moja, mabaraza ni mawili. Lenye njia limetimiza, lisilo na njia limebaki na maneno. Basi mkiandika kwenye katiba ya kikundi kwamba "akina mama na vijana watafikiriwa", hamjaandika kitu. Andikeni wangapi, lini, na nani atahakikisha.

Na hesabu yake mjue kuifanya. Kamati ya watu 9, wa jinsia moja wasizidi 6. Kamati ya watu 7, wasizidi 4, kwa hivyo jinsia nyingine iwe na angalau 3. Kamati ya watu 10, wasizidi 6, maana 7 tayari wamepita theluthi mbili.

Kazi si za aina moja

Watu wengi hubishana juu ya mgao kwa sababu wanachanganya kazi. Mimi naona ziko za aina tatu.

Kwanza ni kazi ambazo karibu kila mtu mwenye afya anaweza, kama kuchimba mtaro, kufyeka njia au kubeba mawe. Hapa hakuna haja ya kutafuta bingwa. Mwaka wa 1974 serikali ilianza mpango wa kutengeneza barabara za vijijini kwa mikono, kwa jembe, sururu na karai badala ya tingatinga, na vibarua wakaandikwa kutoka kwa watu wanaokaa karibu na barabara. Waombaji walipozidi kazi, majina yalichaguliwa kwa kura ya bahati mbele ya watu wote. Njia hiyo ni nzuri mpaka leo. Karatasi ndani ya kofia haimjui mjomba wa mtu. Lakini angalieni, kura ni ya haki kwa waliofika tu. Kama akina mama hawakusikia tangazo, kura haitawasaidia. Kwa hivyo mnaweza kuweka kofia mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na kuchukua hesabu mliyokubaliana kutoka kila kofia.

Pili ni kazi zinazohitaji ufundi, na kosa lake huumiza watu. Huyu ni fundi wa pampu, mwalimu wa nasari, au mtu wa kutunza hesabu. Hapa wekeni kwanza kiwango cha chini, na msikishushe kwa yeyote. Mgao uje baadaye, kati ya wale waliofika kiwango. Na kama hakuna mwanamke au mlemavu aliyefika, msilie tu. Mtumeni mmoja akajifunze. Nafasi ikitokea tena baada ya miaka miwili, mtakuwa naye. Mgao wa mafunzo ndio unaoanza, mgao wa kazi unafuata.

Tatu ni nafasi za kuamua, yaani kamati. Hapa mgao una nguvu zaidi, kwa sababu kamati haitafuti mtu mmoja hodari. Inatafuta macho mengi. Mama anajua kioski kikifungwa saa kumi na moja jioni wengi watakosa maji. Mwenye magongo anajua ngazi za kioski zimemzuia. Hata mwanamume mwenye digrii hawezi kuyajua hayo kama hajaambiwa.

Kazi moja haigawanyiki

Mtu mwingine husema, "Sisi tuna nafasi moja tu, tutaigawaje kwa jinsia, kwa umri, kwa ukoo?" Kweli, kazi moja haigawanyiki. Ukijaribu kuigawa utapata ugomvi tu. Lakini kikundi hakiishi siku moja. Wekeni daftari la ajira. Kila mnapomwandika mtu, hata kibarua wa siku tatu, andikeni tarehe, kazi, waombaji walikuwa wangapi, aliyepata ni nani, na anatoka upande gani. Mwisho wa mwaka lisomwe mkutanoni. Kama nafasi nne zilizopita zote zimekwenda upande mmoja wa mto, daftari litasema lenyewe, na hamtahitaji mtu wa kupiga kelele.

Sasa nije kwenye mambo ya nyumbani. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Ni methali nzuri siku ya ngoma, lakini ni mbaya siku ya mahojiano. Kijijini hatubaguani sana kwa kabila, kwa kuwa wengi wetu ni wa kabila moja. Tunabaguana kwa mlango, kwa ukoo, kwa aliyeolewa hapa na aliyezaliwa hapa. Tena tunabaguana kwa dhehebu. Mradi ukisimamiwa na kanisa, je, mlinzi wa ghala lazima awe wa kanisa hilo? Mwalimu wa dini, naelewa. Lakini ghala halina dhehebu. Mahindi yaliyomo yalichangwa na watu wote.

Hatua sita

Nitamaliza na hatua ambazo kikundi chochote kinaweza kufuata, hata kisicho na pesa.

1. Tangazeni kazi kwa siku 14, mahali pasipopungua patatu: sokoni, kwenye kisima, na kwa naibu wa chifu. Litangazwe kwa mdomo pia, kwa wasiojua kusoma.

2. Andikeni kazi yenyewe na sifa zake. Msidai cheti cha kidato cha nne kwa kazi ya kufungua bomba. Sifa isiyo na maana kwa kazi ni mlango wa ubaguzi.

3. Kama kuna mgao, semeni kwenye tangazo lenyewe, pamoja na sababu yake.

4. Anayehoji akiwa na jamaa kati ya waombaji, atoke nje. Mwingine akae mahali pake.

5. Maswali yawe sawa kwa wote, na alama ziandikwe papo hapo kwa kalamu ya wino.

6. Aliyekosa aambiwe ana kwa ana kwa nini amekosa. Yule kijana wa alama 78 asije akasikia habari kutoka kwa mtu wa bodaboda. Mwenyekiti amwendee, amweleze, na jina lake liandikwe la kwanza kwa kazi inayofuata isiyo na mgao.

Hatua hii ya sita ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayopima kama kikundi kina haki kweli. Ni rahisi kumpongeza aliyepata. Haki yenu itaonekana kwa yule aliyekosa, kama anaweza kurudi mkutanoni Jumamosi, akakaa kwenye benchi, akalipa mchango wake, kwa sababu anajua hakuchezewa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Watu watano wa mwisho kuajiriwa au kupewa kibarua na kikundi chetu ni akina nani, na walipataje habari za kazi?

2. Katika kijiji chetu, ni watu gani ambao hawajawahi kupata nafasi yoyote? Ni kitu gani kinachowazuia?

3. Katiba ya kikundi chetu inasema nini juu ya nafasi zilizotengwa? Imeandika idadi, au maneno matupu?

4. Nani atakuwa na daftari la ajira, na litasomwa tarehe gani?